Reli ya milimita 9 au 16.5? Kuchagua treni ya mezani ukiwa Lubumbashi

Jumapili mchana, bukari (ugali) ikishaliwa, tunakutana watu wanne barazani kwa mzee mmoja wa mtaa wa Makomeno. Mzee alifanya kazi katika karakana za reli mpaka akastaafu. Wa pili ni yaya wetu (ndugu mkubwa, kwa Kiswahili cha huku), mwalimu wa jiografia, ambaye hawezi kusimulia safari bila kutaja stesheni zake zote kwa mpangilio. Wa tatu ni kijana anayesomea umeme. Mimi ni wa nne, na kazi yangu ni kukata katoni na kupaka rangi. Mezani kuna treni ndogo. Maongezi huanzia kwenye hizo ndogo, na kabla chai haijapoa tumeshafika Kamina, Ilebo au Dar es Salaam.

Watu wanaopita kutazama huuliza swali lilelile kuhusu vipimo viwili maarufu vya treni za mezani: nikitaka kuanza, nichukue N au H0? Nimeona niandike jibu kwa urefu, maana maelezo mengi yaliyopo yanamlenga mtu wa Ujerumani au Marekani, mwenye chumba kizima cha kuchezea, umeme usiokatika, na reli za nchini kwake zenye upana wa milimita 1,435. Reli inayopita hapa Lubumbashi ina upana wa milimita 1,067. Hizo milimita 368 zinazopungua ndizo zinazogeuza jibu lote.

Hesabu kwanza

H0 ni treni iliyopunguzwa mara 87, na reli yake mezani ina upana wa milimita 16.5. N imepunguzwa mara 160, na reli yake ni milimita 9. Hata herufi N imetokana na neno "tisa" la Kijerumani na la Kiingereza. Sasa zidisha: 16.5 mara 87 ni 1,435. Na 9 mara 160 ni 1,440. Kwa hiyo zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya reli pana, ile ya Ulaya, ya Mombasa hadi Nairobi, au ya SGR mpya ya Tanzania.

Mzee hakuhitaji kikokotoo. Siku tulipomwonyesha seti yake ya kwanza ya H0, iliyotoka Ubelgiji, hakuishika wala hakusifu rangi. Aliinama mpaka macho yakawa sawa na meza, akaitazama kutoka mbele, akatikisa kichwa. "Iyi haina njia ya kwetu, mwana. Njia ya kwetu ni nyembamba." Aliona mara moja kwamba bodi ya behewa haikuwa imetokeza nje ya magurudumu kama anavyojua yeye. Kwenye reli nyembamba behewa hukaa kama mama aliyebeba mzigo mpana kichwani, mwili mkubwa juu ya miguu iliyokaribiana.

Tukageuza hesabu. Badala ya kuuliza reli yetu iwe na upana gani kwenye H0 (jibu ni milimita 12.3, nayo si rahisi kuipata), tuliuliza: hii reli ya 16.5 iliyopo mkononi, ni ya kipimo gani ikiwa tunataka iwe 1,067? Jibu ni 1 kwa 64, au karibu sana. Na ile ya 9? Ni 1 kwa 120. Wapenda treni wa New Zealand, ambao reli zao ni za upana uleule wa 1,067, wanajenga kwa vipimo hivyo viwili tangu zamani. Kwa 1 kwa 64 unakosea milimita 11 za reli halisi, kwa 1 kwa 120 unakosea 13. Mezani kosa hilo halifiki robo ya milimita moja.

Kwa hiyo uchaguzi wako si kati ya vitu viwili, ni vinne. Unaweza kununua reli ya 9 na kuendesha treni za N zilizo tayari, au ukatumia reli ileile na injini zilezile chini ya bodi ulizojenga mwenyewe kwa 1 kwa 120. Hali kadhalika kwa reli ya 16.5.

| | 1:160 (N) | 1:120 | 1:87 (H0) | 1:64 |
|---|---|---|---|---|
| Reli mezani | 9 mm | 9 mm | 16.5 mm | 16.5 mm |
| Reli halisi inayolingana nayo | 1,440 mm | 1,080 mm | 1,435 mm | 1,056 mm |
| Behewa la abiria la mita 20 | 12.5 cm | 16.7 cm | 23 cm | 31 cm |
| Kichwa cha treni cha mita 16 na mabehewa 6 | 85 cm | 113 cm | 156 cm | 213 cm |
| Mtu wa mita 1.70 | 11 mm | 14 mm | 20 mm | 27 mm |
| Kilomita moja | 6.25 m | 8.3 m | 11.5 m | 15.6 m |

Zipo nyingine. Z, iliyopunguzwa mara 220, ni ndogo mno kwa mikono ya kazi na kwa vumbi la huku. Treni kubwa za bustani, zenye reli ya milimita 45, zinapendeza uani, lakini mvua za Desemba na watoto wa jirani ni mambo ya kufikiria. Siziongelei zaidi.

Nafasi: mlango au rafu

Watu wengi tunaowajua hawana chumba cha treni. Wana sebule, ukumbi mdogo, au chumba ambacho mpwa akija wiki mbili lazima meza iondoke. Hapo reli ya 9 inashinda bila ubishi.

Meza nzuri ya kuanzia ni mlango wa ndani, ule mwepesi wenye uwazi katikati, wa sentimita 80 kwa mita 2. Kanuni tunayoifuata ni kwamba nusu-kipenyo cha kona kisipungue mara mbili ya urefu wa behewa refu kuliko yote, la sivyo mabehewa yanatoa pembe nje na safari inaonekana ya kulazimishwa. Behewa la 1 kwa 120 ni sentimita 16.7, kwa hiyo kona ya sentimita 34 inatosha, na inaingia kwenye mlango huo. Treni inazunguka bila kusimama. Ukimaliza, unauinua mlango, unauegemeza ukutani, unaufunika kwa shuka.

H0 kwenye mlango huohuo? Kona kali za seti za wanaoanza zina nusu-kipenyo cha sentimita 36, kwa hiyo duara linaingia kwa shida, reli ikiwa ukingoni kabisa. Kichwa kimoja kikianguka, kinaanguka sakafuni. Na mabehewa marefu ya H0 yanaonekana vibaya kwenye kona hiyo. Ukitaka duara la H0 lenye heshima, tafuta tripleksi ya mita 1.2 kwa 2.4 na chumba cha kuiweka.

Usikate tamaa kwa hilo, kwa sababu reli ya 16.5 haihitaji duara. Mzee ana rafu ya mita 2.4 kwa sentimita 40, imepigwa ukutani kwa vyuma vya pembe. Juu yake kuna njia tatu, njia panda tatu za reli, ghala, na mwisho wa karakana. Treni haizungukii popote. Kazi ni kupanga mabehewa: hili liende kupakia, lile lirudi karakana, hili la shaba liunganishwe nyuma ya la mafuta. Anaweza kukaa hapo saa mbili. Kila behewa analisukuma polepole sana, kwa mwendo ule hasa wa mtu anayetembea kando yake akiwa na bendera.

Umeme

Hapa kijana wetu ndiye mwalimu. Treni za kawaida za N na H0, zile zisizo za kidijitali, zinatumia umeme wa moja kwa moja (DC) wa volti 12 hivi. Hiyo ni volti ya betri ya pikipiki. Kwa hiyo umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, treni yako haina sababu ya kusimama.

Kichwa cha H0 chenye mabehewa machache kinakula kama nusu ampea, cha N kinakula pungufu yake. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7 ingeweza kukiendesha kwa saa 14 kwa hesabu ya karatasi. Lakini betri za risasi hazitakiwi kuishiwa kabisa, basi hesabu saa saba. Unahitaji kidhibiti cha mwendo cha mota ndogo, ambacho mafundi wa redio wanakijua, na swichi ya kugeuza chanya na hasi ili treni irudi nyuma.

Na unahitaji fyuzi. Nasisitiza. Transfoma ya treni ina kinga yake, betri haina. Gurudumu likitoka relini na kuunganisha pande mbili, betri itasukuma makumi ya ampea kwenye waya mwembamba, na plastiki itayeyuka kabla hujasimama. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, si mwisho wa waya.

Mfumo wa kidijitali ni mzuri: kila kichwa kina dekoda (kifaa kidogo cha kupokea amri) yenye namba yake, volti za relini hazipandi wala kushuka, na unaweza kuendesha vichwa viwili kwenye njia moja, hata kwa simu. Lakini unagharimu zaidi, unataka volti kidogo juu ya 12, na dekoda ikiungua huku unasubiri mtu anayesafiri. Kijana anaupenda kwa moyo wote. Mimi ningemwambia anayeanza asubiri mwaka mmoja.

Katika umeme N na H0 zinalingana, isipokuwa jambo moja la H0 ambalo limewaumiza watu wetu wawili. Ndugu walio Ubelgiji wakikuta sanduku la H0 kwenye soko la vitu vilivyotumika, mara nyingi ni la kampuni ya Märklin. Ni treni imara sana, chuma kizito, lakini mfumo wake ni mwingine. Umeme unapita kwenye vichomozi vidogo katikati ya njia, na kichwa kinaupokea kwa kiatu kirefu cha chuma kilicho chini ya tumbo. Umeme wake wa zamani si wa moja kwa moja, na magurudumu ya pande mbili yameunganika kwa chuma, kwa hiyo ukiyaweka kwenye reli za kawaida unapata shoti papo hapo. Mwambie ndugu yako ageuze kichwa na kukitazama chini kabla hajalipa. Akiona kiatu hicho, basi anunue sanduku zima pamoja na reli na transfoma yake, au aache. Na sanduku la kutoka Marekani linakuja na transfoma ya volti 120. Huku ni 220, ataiunguza.

Vumbi, macho na vidole

Kuanzia Mei mpaka mvua za kwanza, Lubumbashi inageuka nyekundu. Vumbi linaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Kwa treni, vumbi juu ya reli ni ukuta kati ya umeme na gurudumu.

H0 inavumilia zaidi. Kichwa chake kina uzito wa gramu 300 hivi au zaidi, kinabana reli na kupenya uchafu kidogo. Kichwa cha N ni gramu 80 au 100, na kikisita, kinasita pale pale penye njia panda, mahali pagumu kukifikia. Tunafuta reli kila tunapoanza kwa kitambaa cha pamba chenye alkoholi ya duka la dawa. Msasa usiuguse kabisa: unaacha mikwaruzo ambayo ndiyo nyumba ya uchafu wa kesho.

Udongo wetu mwekundu, ambao kila mtu hapa anataka kuutumia kwenye mandhari yake (nani angetumia rangi ya dukani wakati kitu chenyewe kiko mlangoni?), una chuma ndani. Uchekeche kwa kitambaa cha soksi ya kike, uukaange kidogo uue wadudu, kisha pitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Zile chembe nyeusi zinazorukia sumaku ndizo ambazo zingeingia kwenye mota. Tulijifunza hivyo kwa kichwa kimoja cha N ambacho hakikupona.

Kuhusu macho, nitasema wazi: ukishavuka miaka 50, reli ya 9 itakuchosha kuijenga. Kuiendesha ni sawa, kuijenga ni kazi ya miwani na taa. Mtu wa milimita 14 ana uso usiozidi nukta mbili za brashi. Watoto wadogo nao wanafaa zaidi reli ya 16.5, kwa sababu wao hupenda kurudisha behewa relini kwa mikono yao, na behewa la N linawakasirisha.

Kinachopatikana

Ukitaka treni iliyo tayari ya nchi yoyote ya Ulaya, N na H0 zote zina kila kitu. H0 ina vingi zaidi, na vilivyotumika ni rahisi kupata. Kwa mzigo wa ndugu anayesafiri, N inashinda: treni nzima ya N ina uzito wa kichwa kimoja kizito cha H0. Kwa upande wa kusini, kampuni ya Lima ilitengeneza zamani vichwa na mabehewa ya reli za Afrika Kusini kwa H0, na vikikutwa vimetumika vinaweza kupitia mpaka wa Kasumbalesa pamoja na bidhaa nyingine. Ni bodi za treni za reli nyembamba zilizokaa juu ya reli ya 16.5, kwa hiyo reli ni pana kuliko inavyotakiwa. Mzee anaziona kama nyimbo zilizoimbwa kwa sauti isiyo yake. Mimi ninazipenda, kwa sababu zinafanana na mabehewa yanayotufikia kutoka kusini.

Treni ya SNCC, shirika letu la reli la Kongo, ya kununua dukani, hatujaiona. Lazima ujenge. Na hapa ndipo ninapokuwa na furaha ya kweli ya kueleza.

Chukua kichwa cha dizeli cha Kimarekani chenye ekseli sita, kama SD40-2. Halisi ina urefu wa mita 21 hivi. Kwenye N ni milimita 131. Vua bodi yake, weka kando. Hizo milimita 131 kwa kipimo cha 1 kwa 120 ni mita 15.7, ambao ni urefu unaokaribiana sana na wa vichwa vingi vya dizeli vya reli nyembamba za Afrika. Hata nafasi kati ya magurudumu inakaa vizuri. Juu yake unajenga bodi ya katoni ngumu iliyolowekwa gundi, au ya bati la kopo la maziwa. Ujanja huohuo unafanya kazi kwa H0 kwenda 1 kwa 64: kichwa kilekile ni sentimita 24, na sentimita 24 mara 64 ni mita 15.4.

1 kwa 64 ina baraka nyingine ambayo haikuandikwa kwenye katalogi yoyote. Magari madogo ya chuma ya watoto, yale yanayouzwa kila soko, yamekaribia kipimo hicho. Ukitaka teksi mbele ya stesheni, nenda sokoni. Angalia tu kwamba mabasi na malori ya aina hiyo hupunguzwa zaidi ili yaingie kwenye boksi lilelile, kwa hiyo usiweke lori kama hilo karibu na behewa. Kwa 1 kwa 120 huna bahati ya soko, lakini kuna watengenezaji wa Ulaya wanaotumia kipimo hicho kwa jina la TT, na watu, magari na nyumba zao vinafaa.

Vichuguu vya Katanga unavitengeneza mwenyewe kwa vipimo vyote. Kichuguu cha mita 5 ni sentimita 8 kwenye 1 kwa 64, na sentimita 4 kwenye 1 kwa 120. Bila vichuguu miombo inakuwa msitu wa nchi nyingine.

Unataka kukumbuka nini?

Mpaka hapa mizani inaelekea reli ya 9 kwa nafasi na mzigo, na reli ya 16.5 kwa macho, vumbi na watoto. Lakini barazani tuligundua kwamba si hivyo tulivyochagua sisi. Tulichagua kwa kufuata safari.

Yaya alivuka Kasumbalesa kwa barabara, akapitia Ndola mpaka Kapiri Mposhi, akapanda TAZARA kwenda Dar es Salaam: kilomita 1,860, reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, upana wake 1,067 kama yetu. Mpika, Nakonde, Tunduma, Mbeya, Makambako, Mlimba. Akifika kati ya Makambako na Mlimba, ambako njia inateremka kwa mahandaki na madaraja, sauti yake hushuka. Anasema kitu alichobaki nacho ni dakika ile ambayo treni inapinda, na wewe uliye behewa la nyuma unaona kichwa cha treni yako kikiwa mbele kabisa, ng'ambo ya bonde, kinaingia kwenye giza ambalo na wewe utalifikia.

"Sasa, papa, hiyo utaiweka kwenye rafu?" alimuuliza mzee.

"Hapana, yaya. Ile inataka treni ndefu."

Ndiyo maana yaya amejenga mlango wa 1 kwa 120. Kichwa kimoja na mabehewa manne ni sentimita 80, na kwenye kona ya kushoto, ukiweka jicho usawa wa behewa la mwisho, unaona mbele ya treni ikipotea nyuma ya kilima cha povu. Kama unachopenda ni njia, bonde, umbali, treni kuwa ndogo ndani ya nchi kubwa, chukua reli ya 9.

Mzee naye amesafiri kuliko sisi sote, Kamina, Kananga, hadi Ilebo ambako reli inakutana na mto Kasai na mizigo inaingia kwenye boti za kwenda Kinshasa. Njia hiyo, inayozidi kilomita 1,500 kutoka hapa, ilikamilika mwaka 1928. Lakini akisimulia, hasimulii mabonde. Anasimulia spring iliyokatika, sanduku la ekseli lililopata moto, mashinisti aliyejua ubovu wa injini kwa kuusikiliza tu. Yeye ni wa Lupopo, timu ya mpira ambayo jina lake la utani ni Cheminots, watu wa reli, na anaipenda kwa sababu hiyohiyo: ni kazi yake. Kwake treni ni kitu cha kushikwa. Kwenye 1 kwa 64 bolti inaonekana. Ngazi ya mpanda behewa unaweza kuilehemu kwa waya wa shaba. Na anajenga nguzo za umeme pia, kwa kumbukumbu ya sehemu ya Likasi hadi Tenke ambayo ilianza kuendeshwa kwa umeme wa hezi 50 (ule wa kawaida wa majumbani) mwaka 1952, miongoni mwa za mwanzo duniani kutumia umeme wa aina hiyo. Waya wa juu ni shaba halisi. Kwenye reli ya 9 waya huo ungekuwa mwembamba kiasi cha kukatwa na pumzi.

Kijana alipanda treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ile iliyoanza mwaka 2024, ya mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Alirudi akiwa anazungumza kama aliyeona harusi. Kwake yeye hesabu yetu yote ya 1,067 haihusiki: SGR ni reli ya 1,435, kwa hiyo N na H0 za dukani ni sahihi kama zilivyo. Anatumia H0 ya Ulaya, seti ya treni ya abiria ya umeme, na anabadilisha rangi. Mzee humtania kwamba ameihama njia ya kwetu. Kijana hujibu kwa adabu, "Papa, na hii itakuwa ya kwetu siku moja," na mzee hunyamaza, akamwongezea chai.

Ningekwambia nini

Ukiniuliza mlangoni, bila muda wa chai, ningekuambia uanze na reli ya 9 na ujenge 1 kwa 120. Inaingia kwenye nyumba zetu, betri ya pikipiki inaitosha kwa siku nzima ya Jumapili, ndugu anaweza kuileta mfukoni, na ni treni ya huku. Nunua kichwa kimoja kizuri cha ekseli sita, si viwili vya bei rahisi. Nunua pia reli zilizo tayari juu ya kitako chake cha plastiki, kama za kampuni ya Kato, zinazovumilia kufunguliwa na kufungwa. Na magurudumu ya chuma ya akiba, kwa maana ya plastiki hubeba uchafu. Mengine yote yako sokoni au jikoni.

Kama una watoto wa chini ya miaka kumi, au macho yameanza kuomba miwani, au mikono yako inapenda kulehemu kuliko kutazama, basi acha ushauri huo wa kwanza. Chukua reli ya 16.5, rafu ya ukutani, 1 kwa 64, njia panda mbili tu za kuanzia. Usijaribu duara.

Kama sanduku la H0 limeshafika kutoka Ubelgiji, lipo chini ya kitanda, na ndugu aliyelileta anauliza kila akipiga simu kama limeshawahi kuzunguka, lifungue leo. Geuza kichwa, tazama kama kuna kiatu chini ya tumbo, kisha tandika reli sakafuni. Upana wake utaugombania baadaye.

Mimi nimejenga mabehewa ya wote wawili, ya mlango wa yaya na ya rafu ya mzee. Ya yaya humaliza moja kwa jioni mbili. La mwisho la mzee lilinichukua wiki tano, na alilipokea kwa kulipima kwanza: akatoa rula yake ya chuma ya karakana, akaiweka kati ya magurudumu, akasoma, akazidisha kimoyomoyo kwa 64, akaliweka relini na kulisukuma kwa kidole kimoja mpaka ghalani.